Land Rover 109 inagonga: kabla hujanunua spea yoyote, jua kwanza mlio unafuata nini

Mtu anatuma rekodi ya sekunde chache kwenye WhatsApp, injini inaunguruma, kwa mbali unasikia tak tak tak, halafu anauliza jamani hii ni nini? Majibu yanamiminika, mmoja anasema tapeti, mwingine metali, mwingine uza hilo gari ununue Kijapani. Hakuna hata mmoja anayeweza kujua kwa rekodi ile, maana milio ya vyuma inafanana mno na simu inaibana yote ikawa kitu kimoja. Mlio haujulikani kwa jinsi unavyolia, unajulikana kwa tabia yake. Unakuja lini, unaondoka lini, na unafuata nini: mzunguko wa injini, mwendo wa tairi, mzigo, joto, klachi, au usukani. Ukishapata jibu la hilo, nusu ya gari umeshaitoa kwenye kesi bila kushika spana.

Nitaongelea Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, za petroli, injini ya 2286 cc ambayo wengi tunaiita mbili na robo. Naichagua kwa sababu bado zipo nyingi huku kwetu, waliokwenda Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover wameona wenyewe, na kwa sababu hii gari haina kompyuta ya kukuambia kitu. Ina masikio yako tu. Na ina vyuma vingi vinavyozunguka kwa wakati mmoja kila kimoja na spidi yake, kwa hiyo ukiielewa hii, Peugeot 504 au Datsun ya zamani haikusumbui.

Hebu tupige hesabu kidogo, sio ngumu na ndio msingi wa kila kitu. Chukua 109 yenye tairi za 7.50-16, tairi moja ikizunguka mara moja gari inasogea kama mita mbili na nusu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, hiyo ni mita 1000 kwa dakika, maana yake tairi inazunguka kama mara 400 kwa dakika. Difu ya hii gari, ile seti ya gia kati ya tairi mbili, ni 4.7 kwa 1, kwa hiyo propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka kama mara 1880. Ukiwa gia ya nne na high, boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma, nayo inaongeza kidogo, injini inakuja kama 2150, na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, siku zote ni nusu ya injini, kama 1075. Sasa gawanya kwa 60 upate kwa sekunde: tairi karibu 7, kamshafti 18, propela 31, injini 36. Unaona tofauti ilivyo kubwa? Kitu kibovu kwenye tairi utakisikia kikija polepole, wu wu wu wu, karibu unaweza kukihesabu kwa kidole kwenye usukani. Kitu kibovu kwenye propela kwa mwendo huohuo hakihesabiki, ni mtetemo mmoja unaokuja hadi kwenye kiti. Kwa hiyo anayekuambia "beringi ya tairi" wakati wewe unasikia mvumo wa haraka unaotetemesha sakafu, muulize amefikaje huko.

Jaribio la kwanza kabisa ni bure. Simamisha gari, tia nyutro, kanyaga mafuta taratibu. Mlio upo? Basi ni injini, klachi, au upande wa mbele wa giaboksi, hauhusiani na difu wala tairi. Haupo? Tafuta barabara tupu iliyonyooka, fika mwendo ule mlio unapotokea, kanyaga klachi, toa gia, acha gari iserereke injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta. Mlio ukibaki na ukawa unapungua jinsi gari inavyopungua, ni kuanzia boksi ndogo kwenda nyuma na mbele, propela, difu, tairi. Ukikatika palepale ulipotoa gia, rudi mbele. Usizime injini wakati unaserereka, Series III ina loki ya usukani kwenye swichi, ukichomoa ufunguo usukani unajifunga na hapo utakuwa na tatizo kubwa kuliko mlio.

Haya, tuseme ni injini. Hapa ndipo watu wanapoteza hela nyingi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza ni je, mlio unakuja kila mzunguko wa krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, au kila mizunguko miwili? Vitu vya juu, tapeti, valvu, pushirodi, kamshafti, pampu ya mafuta ile ya kikombe cha kioo ubavuni, vyote vinaendeshwa na kamshafti kwa hiyo vinagonga mara moja kwenye kila mizunguko miwili ya injini. Metali za konrodi, yaani beringi bapa za ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, na vitu vya chini vinakwenda na krankshafti yenyewe. Kwa sikio ni ngumu kutofautisha lakini kuna njia: ile taa ya taimingi ambayo fundi anafunga kwenye waya wa plagi namba moja, inawaka mara moja kila mizunguko miwili, maana plagi inachoma hivyo hivyo. Washa, injini iwe sailensa ya chini kabisa, angalia taa na sikiliza. Mgongo mmoja, yaani kugonga mara moja, kwa kila mwako mmoja ni vitu vya kamshafti. Migongo miwili kwa kila mwako, shuka chini. Jaribio la dakika tano hilo, na watu wanafungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini, bila kulifanya.

Ya tapeti ndio ya kawaida. Injini hii inataka nafasi ya milimita 0.25 kati ya roka, ule mkono unaosukuma valvu, na valvu zote nane, za kuingiza na za kutoa, na kuna kanuni ya tisa inayorahisisha kazi: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa unaset namba 1, namba 7 ikifunguka unaset namba 2, yaani jumla iwe tisa daima. Unazungusha kwa hendeli ya mbele, plagi ukizitoa inazunguka laini. Sasa kuna mtu atakuambia ameset tapeti na fila geji (kile kibati cha kupimia nafasi) mpya, amerudia, na bado tak tak ipo palepale. Angalia ncha ya roka pale inapogusa valvu. Kwenye injini iliyotembea sana pale panachimbika kidimbwi kidogo, upana wa shina la valvu tu. Fila geji ni bapa, inakaa juu ya kingo za kile kidimbwi, inakusomea 0.25 safi kabisa wakati nafasi ya kweli ndani ya shimo ni kubwa zaidi. Pitisha ukucha pale utausikia ukidondoka. Hapo hata uset mara kumi itaendelea kulia mpaka roka inolewe upya au ibadilishwe. Kingine angalia kama oili inafika juu, fungua kava injini ikiwa na joto uone roka zote zimelowa, maana tope la oili ya zamani likiziba njia ya shafti ya roka, zile za mbali zinakauka na kulia.

Na tafadhali sana, usikaze tapeti ili mlio uishe. Tapeti inayolia kidogo inakuambia valvu inafunga. Ile isiyolia kabisa inaweza kuwa inaiacha valvu wazi kwa uwazi mdogo usioonekana, moto unapita pale pembeni kila mwako, na valvu ya ekzosi inaungua. Kuna mafundi wanakaza ili mteja aondoke na gari iliyotulia, na huyo mteja baada ya muda anarudi gari haina nguvu, silinda moja haina kompresheni. Ukimya wa hivyo ni wa gharama.

Kuna mlio unaojifanya tapeti na umewadanganya wengi: ekzosi inayovuja pale manifoldi inapokaa kwenye silinda hedi, au kwenye flenji ya bomba. Kila silinda ikitoa moshi, presha inatoka kwenye ufa, tss tss tss, na ukiwa ndani ya gari inasikika kama chuma. Tabia yake ni hii: asubuhi injini ikiwa baridi ni kubwa, ikishapata joto chuma kinatanuka kinaziba ufa, mlio unapungua au unaisha. Tapeti haifanyi hivyo. Chukua kitambaa kizito, mtu azibe bomba la nyuma kwa sekunde mbili tatu injini ikiwa sailensa, ekzosi kama inavuja italia kwa nguvu zaidi. Tafuta pia alama nyeusi za masizi kwenye gasketi, hazidanganyi. Plagi isiyokazwa nayo inafanya kitu hichohicho, kwa hiyo pitisha spana ya plagi kabla ya yote.

Sasa ule mgongo mzito, ngo ngo ngo, unaotoka chini. Metali za konrodi zinaongea zaidi injini ikiwa na joto, oili imekuwa nyepesi, halafu unakanyaga mpaka kama 2000 na kuachia ghafla, pale mguu unapotoka ndipo inagonga. Kuitambua silinda, toa waya wa plagi moja moja. Shika kwa koleo lenye mpira na uguse ncha ya waya kwenye chuma cha injini, usiuache ukining'inia hewani, ni hatari kwa koili na kwa mkono wako. Na kama gari imeshafungwa ignisheni ya kielektroniki badala ya pointi, acha kabisa zoezi hili. Silinda isipochoma, hakuna mlipuko wa kuisukuma konrodi, kwa hiyo mgongo wa metali ya silinda ile unapungua sana au unapotea. Ukitoa waya mlio usibadilike kwa silinda yoyote, sio metali ya konrodi, na mara nyingi tapeti ndio zina tabia hiyo, hazijali plagi. Pini ya pistoni mara nyingi inafanya kinyume, ukitoa waya inaanza kugonga mara mbili badala ya moja. Pistoni iliyolegea kwenye silinda inagonga asubuhi tu, ikipata joto inanenepa na kutulia, hiyo unaweza kuishi nayo muda mrefu. Metali huwezi.

Kabla ya kuamua kufungua injini, funga geji ya presha ya oili, nyingi kati ya hizi gari zina taa tu na taa inawaka ukiwa umeshachelewa. Injini ya mbili na robo yenye afya, ikiwa na joto kwenye 2000, inatakiwa iwe kati ya pauni 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini sana ya hapo na una mgongo mzito, paki gari. Ujue pia injini za kabla ya 1980 zina sehemu tatu tu za kushikilia krankshafti, baadaye zikawa tano, kwa hiyo zile za zamani mngurumo wa chini unaokuja ukivuta mlima usiuchukulie poa.

Ule mlio wa chiriri chiriri unaokuja tu ukipanda mlima na gia kubwa, ukipunguza mafuta unaisha, hauna uhusiano na chuma kilicholika, ni petroli inajilipua kabla ya wakati. Rudisha taimingi ya distribyuta nyuma kidogo, punguza gia, imeisha.

Kujua sauti inatoka wapi hasa, tumia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, angalia feni isikuvute nywele au shati. Kwa vitu vya hewa kama ekzosi tumia kipande cha bomba la mpira, unapitisha mdomo wa bomba sehemu kwa sehemu. Usiamini sikio tupu, chuma kinasafirisha mlio, utasikia kava ya tapeti inagonga kumbe ni pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye bloku. Kama unahisi ni alternata au wotapampu, toa feni belti, washa injini dakika moja tu sio zaidi maana maji hayazunguki, mlio ukiisha umebaki na vitu viwili vya kushika na kutikisa kwa mkono.

Tuende klachi na giaboksi, hapa ni mantiki tupu. Gari imesimama, nyutro, injini inanguruma. Mlio unakuja ukikanyaga klachi: rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Mlio upo na unaondoka ukikanyaga klachi: ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi au leishafti, ile shafti ya chini, maana ukikanyaga vinasimama na ukiachia vinazunguka. Halafu endesha. Gia ya nne kwenye giaboksi hii inapita moja kwa moja, nguvu haipiti kwenye leishafti ingawa nayo inazunguka bila mzigo. Kwa hiyo gari inayovuma kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu halafu ikifika ya nne inatulia kabisa, leishafti na beringi zake ndio mtuhumiwa. Ikivuma gia zote na hata ukiserereka nyutro, tazama boksi ndogo, hasa gia ya katikati, ile na shafti yake zinalika sana.

Sasa jaribio ambalo Land Rover inakupa na gari nyingi haziwezi. Una mvumo wa barabarani, hujui kama ni propela ya mbele au ya nyuma, difu ya mbele au ya nyuma. Usidhani ya mbele imepumzika kwa sababu hujaweka fo wili, kama hazijafungwa zile hab za kufungua na kufunga, tairi za mbele zinaizungusha difu na propela ya mbele muda wote. Basi, ing'oe propela moja uendeshe kwa nyingine.

Lakini kwanza mawe kwenye tairi, mbele na nyuma. Hii sio tahadhari ya kuandikia tu. Handibreki ya hii gari haiko kwenye tairi, ni dramu moja nyuma ya boksi ndogo inayoshika propela ya nyuma. Siku unayong'oa ile propela, handibreki ya nyuma haipo, na kama uko chini ya gari kwenye mteremko kidogo inakupitia. Weka mawe, weka gari sehemu tambarare. Halafu nati nne kila upande, spana ya 9/16, weka alama ya rangi au msumari kwenye flenji ili irudi ilivyokuwa. Ukiwa umeitoa ya nyuma, bonyeza kile kitufe cha njano cha fo wili chini, gari sasa inavutwa na mbele peke yake. Nenda taratibu, barabara iliyonyooka, usiivute sana. Mvumo umeisha? Ni propela ya nyuma, au difu ya nyuma ilikuwa inalia kwa sababu ya kuvuta mzigo. Mvumo upo bado vilevile? Rudisha ya nyuma, toa ya mbele, ondoa fo wili, jaribu tena. Kwa saa moja na nusu umejua upande bila kununua kitu, na ile propela iliyo mkononi unaikagua hapohapo, kunja krosi, ile jointi inayopinda mwishoni mwa propela, pande zote, ikikwama mahali au ikiwa na nafasi ya kuchezacheza imekufa, na ukiona unga mwekundu kama kutu kwenye vikombe vya krosi basi grisi iliisha siku nyingi. Krosi kavu ndio ile inayolia kwi kwi kwi mwendo mdogo ukiondoka, watu wanaitafuta kwenye breki.

Difu yenyewe inatambulika kwa mguu wako. Inalia ukivuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, hayo ni meno ya difu, upande mmoja umelika au seti haijakaa vizuri. Mvumo usiobadilika uvute usivute unaelekea kwenye beringi. Za tairi unazijua kwa usukani: ukipinda kushoto kidogo uzito unakwenda kulia, mvumo ukiongezeka shuku beringi ya kulia. Na kabla hujafungua hab yoyote, kumbuka tairi za kashata zenyewe zinavuma kwenye lami, ukiingia barabara ya vumbi zinanyamaza, beringi hainyamazi.

Mlango, bodi, bushi za springi, bomba la ekzosi linalogusa chesisi, hivyo ni vya kushika na kutikisa mkiwa wawili, mmoja anasukuma mwingine anashika, sina la zaidi hapo.

Ila mlio ulioisha wenyewe ndio unaonitia wasiwasi kuliko wote. Kuna oili nzito sana zinazofunika mgongo wa metali kwa wiki kadhaa, na kuna ule ujanja wa kizamani wa kutia unga wa mbao kwenye difu au giaboksi ya gari inayouzwa. Ukinunua 109 iliyotulia kupita kiasi, mwaga oili ya giaboksi, boksi ndogo na difu zote kwenye beseni safi, moja moja, usichanganye, kabla ya kutia oili ya gia mpya, EP90. Pitisha sumaku. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida kwa umri huu. Vumbi la rangi ya shaba, ambalo sumaku hailiokoti, ni bushi au zile pete za kusaidia gia kuingia, unaweza kuendelea ukiwa unafuatilia. Magamba membamba ya chuma yanayong'aa yametoka kwenye beringi inayobanduka, agiza spea sasa hivi. Na ukikuta kipande chenye kona, kinene, kinachokaa kwenye kidole na unaona kabisa lilikuwa jino, usiwashe tena hiyo gari mpaka ufungue uone lilipotoka.